Maji ya Ziwa Hayaoshi Kidonda

Kusini mwa mji wa Bukoba, kwenye barabara iendayo Muleba, Ziwa Victoria limeingia nchi kavu na kufanya ghuba ya Kemondo. Meli zinazotoka Mwanza hutia nanga hapa kabla ya kufika Bukoba, wavuvi huleta dagaa na sangara, na siku za sikukuu familia hushuka na watoto wao kucheza mchangani. Mwezi Desemba, wenyeji wa Kagera wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanaporudi nyumbani, ufukwe hujaa zaidi. Ni desturi njema, kwa kuwa mtoto asiyelijua ziwa la kwao hawezi kulipenda wala kuliheshimu. Hata hivyo ufukwe wa namna hii ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa mapumziko. Mitumbwi hupigwa misumari hapohapo, mishipi ya sangara hutengenezwa hapo na ndoano zake, na chupa zinazovunjika hufunikwa na mchanga hadi mguu uzipate. Ndiyo maana jeraha la kawaida la siku hiyo ni la unyayo: mtoto amekimbia, amekanyaga kitu, damu inatoka, analia. Mtu mzima anambeba na kwenda naye moja kwa moja majini ili amwoshe. Hatua hiyo inayofanywa kwa upendo ndiyo inayohitaji kusahihishwa. Maji ya ziwa hayafai kuosha jeraha, na familia inayoshuka ufukweni ikiwa na dumu la maji safi, sabuni na kitambaa imejikinga na sehemu kubwa ya madhara ya jeraha dogo.

Sababu ya kukimbilia ziwani ni rahisi kuielewa. Maji yapo hatua chache tu, ni ya baridi, yanaonekana maangavu, na yanaondoa damu ambayo ndiyo inayomtisha mtoto na mama yake. Lakini kuosha jeraha si kuondoa damu peke yake. Kazi yake kubwa ni kupunguza uchafu na vijidudu vilivyoingia chini ya ngozi, na maji yenye vijidudu vyake hayawezi kuifanya kazi hiyo vizuri. Mji wa Bukoba na vitongoji vyake hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mvua hiyo huteremka kwenye miinuko, hupita migombani, mazizini, kwenye vyoo vya shimo na mitaroni, kisha huishia ziwani. Mto Kanoni unakatiza katikati ya mji wa Bukoba kabla ya kumwaga maji yake humo. Kwenye mialo, matumbo ya samaki, maji ya kufulia na taka za binadamu huongezeka juu ya hayo. Ushahidi wa wazi zaidi ni kazi ya mamlaka ya maji yenyewe: BUWASA huchota maji ziwani na kuyasafisha kwanza ndipo iyafikishe majumbani. Kama maji hayo hayaruhusiwi kuingia bombani kabla ya kutibiwa, hakuna sababu ya kuyaamini ndani ya nyama iliyo wazi.

Uangavu wa maji nao hudanganya. Maji baridi ya maziwa na mito duniani kote huwa na bakteria wanaoitwa Aeromonas, ambao huishi humo kwa asili yao, hata mahali ambapo hakuna choo wala mwalo jirani. Wakiingia kwenye jeraha wanaweza kulifanya livimbe na kutunga usaha katika muda mfupi, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili. Dunia ilipata funzo kubwa kuhusu vidonda na maji machafu baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004. Madaktari waliowahudumia manusura kusini mwa Thailand walikuta vidonda vingi vimeoza, na Aeromonas ilikuwa miongoni mwa bakteria walioonekana mara nyingi zaidi. Katika jimbo la Aceh, Indonesia, waliripotiwa wagonjwa 106 wa pepopunda katika wiki zilizofuata, na 20 kati yao walifariki. Mtoto aliyechomwa na kigae Kemondo hayumo katika hatari kubwa kama hiyo, na hakuna anayepaswa kumwambia hivyo mzazi wake. Somo la Aceh ni jembamba lakini lina uzito: wengi walioponea gharika hawakuwa na majeraha ya kuwaua, bali mikwaruzo na michomo iliyogusana na maji na tope, katika miili ambayo kinga yake ya pepopunda ilikuwa imepungua au haikuwahi kujengwa.

Ziwa Victoria lina jambo jingine la kuzingatia, nalo ni kichocho. Hapa inafaa kusema kwa usahihi, maana wengi hudhani kidonda ndicho mlango wa ugonjwa huo. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi nzima isiyo na mkwaruzo wowote, kwa dakika chache tu. Hupatikana zaidi pembezoni, penye maji yaliyotulia na majani, na aina ya kichocho cha tumbo iliyoenea kandokando ya ziwa hili huwatoka konokono kwa wingi kuelekea saa sita mchana na muda mfupi baada ya hapo. Hiyo ndiyo saa ambayo familia nyingi huwa majini. Kwa hiyo mtoto anayesimamishwa kwenye maji ya kina kifupi ili mguu wake uoshwe taratibu anaongezewa muda palepale ambapo kimelea yupo. Watoto wa shule katika mikoa ya ziwa hupewa vidonge vya praziquantel kwenye kampeni, na ni vyema wavimeze, lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi majini wiki inayofuata.

Basi mtoto ameumia, tufanye nini? La kwanza halihusu kidonda hata kidogo: waite watoto wengine wote watoke majini. Kilio cha mmoja huvuta macho ya watu wazima wote, na katika dakika hizo wale waliobaki ndani hawana anayewaangalia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kagera inaufahamu msiba wa ziwa tangu MV Bukoba, iliyopitia Kemondo kuchukua abiria, ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Mtoto mdogo huzama kimya, bila kelele ya kuomba msaada, kwenye maji yasiyofika kifua cha mtu mzima. Jeraha la unyayo linaweza kusubiri dakika moja, ila mtoto aliye majini peke yake hawezi kusubiri. Mtu mzima mmoja akae na majeruhi, mwingine awahesabu waliobaki.

Kisha damu. Mketishe au mlaze mtoto kivulini, inua mguu wake, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu ya kutosha dakika 10 mfululizo. Kosa la wengi ni kufunua kila baada ya muda mfupi ili kuona kama damu imekoma, jambo ambalo huvunja bonge la damu lililoanza kuziba. Damu ikitulia, anayehudumia anawe mikono kwa sabuni, ndipo aoshe jeraha kwa maji safi yanayotiririka. Maji yawe ya kunywa: ya bomba lililotibiwa, ya chupa, au yaliyochemshwa nyumbani yakapoa. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane hayakuona ushahidi kwamba jeraha linalooshwa kwa maji ya bomba ya kunywa huambukizwa zaidi kuliko linalooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na yakaeleza kuwa pasipo na bomba, maji yaliyochemshwa na kupozwa yanaweza kutumika. Kiasi cha maji nacho kina maana. Kumwagia kikombe kimoja hakutoshi kutoa mchanga. Tumia lita moja au zaidi, mpaka usione chembe. Njia nyepesi ni kutoboa kifuniko cha chupa ya plastiki matundu madogo na kuibinya, ili maji yatoke kwa msukumo. Sabuni ipite kwenye ngozi inayozunguka. Mwisho funika kwa bandeji au kitambaa safi kilichokauka, na mtoto asirudi ziwani siku hiyo.

Hapo hutokea pingamizi la kwanza, kwamba maji na sabuni ni dawa dhaifu na kidonda kinataka kitu kikali. Ndipo huja spiriti, mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, au kidonge cha rangi mbili kinachofunguliwa na unga wake kunyunyizwa juu. Nia ni njema, lakini matokeo yake huwa kinyume. Spiriti na mafuta ya taa huchoma hata chembe hai za mwili zinazojenga ngozi mpya, tena humfanya mtoto aogope kuguswa mara ya pili. Majivu na udongo vinaweza kubeba mbegu za bakteria wa pepopunda, ambao makao yao ni ardhini na kwenye kinyesi cha wanyama. Unga wa kidonge hugandamana na usaha na kufanya gamba linalofunika uchafu ndani. Tena dawa za kuua bakteria zinapotumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kwa homa ya mapafu zinaweza zisimsaidie. Nguvu ya maji safi iko katika kuondoa. Kinachosababisha usaha kikishatolewa kwenye jeraha, mwili wenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyobaki.

Pingamizi la pili lina mizizi zaidi, nalo husemwa na watu wazima wa kandokando ya ziwa: sisi sote tulikanyaga vigae tukiwa watoto, tukajiosha palepale, na tumekua. Ni kweli, na anayebishana nalo kwa dharau hatasikilizwa. Majeraha madogo mengi hupona hata yasipotunzwa vizuri, kwa sababu mwili wa mtoto mwenye afya ni hodari. Lakini anayetoa ushuhuda huo ni yule aliyepona. Aliyelazwa wiki mbili kwa mguu uliooza, au aliyeacha shule muhula mzima, hahesabiwi katika mazungumzo hayo, na aliyefariki hana nafasi ya kusema. Kuvuka barabara bila kuangalia pia huwafikisha wengi ng'ambo salama, na hakuna mzazi anayemfundisha mwanawe kufanya hivyo. Swali la haki ni hili: je, kuna njia ya gharama ndogo inayopunguza idadi ya wasiopona? Ipo, na bei yake ni dumu la maji.

Pepopunda inastahili maelezo yake, maana hapa ndipo jeraha dogo linapoweza kumuua mtoto. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Ni ushindi mkubwa wa chanjo kwa wajawazito na wa kujifungulia mahali safi. Lakini ugonjwa huo hauwezi kufutwa kama ndui ilivyofutwa, kwa sababu mbegu zake zitaendelea kuwemo udongoni. Mtoto wa Tanzania huchanjwa dhidi yake akiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya chanjo ya pamoja inayomkinga pia na kifaduro na dondakoo. Dozi hizo 3 hujenga msingi mzuri, ila kinga hupungua kadiri miaka inavyopita, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri dozi nyingine 3 za kuimarisha kati ya mwaka wa pili wa maisha na ujana. Wasichana hupata nafasi nyingine ya kuchanjwa wanapokuwa wajawazito, wavulana hawana. Pengo hilo lilidhihirika katika muongo uliopita, pale wagonjwa wa pepopunda walipoonekana miongoni mwa wavulana na wanaume waliotahiriwa katika mpango wa kuzuia VVU katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo jirani yetu Uganda. Kwa hiyo kadi ya kliniki isitupwe mtoto anapoanza shule. Akichomwa na msumari au kigae chenye uchafu, mpeleke kwenye huduma ya afya na kadi yake. Kama hakumaliza dozi 3, au imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, mhudumu ataangalia kama anahitaji kuongezewa kinga. Mpeleke mapema, maana dalili za pepopunda, zikianza na taya kukaza, huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 21 kujitokeza, na wakati huo kidonda chenyewe huenda kimeshafunga.

Yapo majeraha ambayo hayapaswi kumalizwa ufukweni kwa vyovyote vile. Damu isiyokoma baada ya kukandamizwa dakika 10 au 15, mpasuko wenye kingo zilizoachana, jeraha la usoni au kwenye maungio, vidole vilivyokufa ganzi au visivyokunjika, na kitu kilichozama ndani, vyote vinahitaji mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Ndoano ni mfano mzuri, kwa kuwa ncha yake ina jino linaloelekea nyuma. Anayeivuta kwa nguvu hupasua nyama zaidi kuliko ilivyopasua yenyewe. Iache ilipo, kata mshipi, izuie isitikisike, kisha nenda. Shimo dogo la msumari nalo lisidharauliwe eti kwa sababu halitoi damu nyingi, maana uchafu uliopelekwa ndani kabisa ya unyayo hauoshwi kwa urahisi. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ndicho pa kuanzia. Kwa makubwa zaidi, upande wa kaskazini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na upande wa Muleba zipo hospitali za Kagondo, Ndolage na Rubya. Siku zinazofuata, mzazi aangalie wekundu unaoenea, uvimbe, joto, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au homa. Dalili mojawapo ikitokea, safari ya hospitali isisubiri Jumatatu.

Wapo watakaosema kwamba maelekezo haya yanageuza siku ya furaha kuwa ya hofu, na kwamba familia ya kawaida haina uwezo wa kubeba sanduku la dawa. Hofu hutokana na kutokujua la kufanya. Mzazi mwenye maji, sabuni, kitambaa na dakika 10 za utulivu humtuliza mtoto kuliko anayehangaika huku na huko akiuliza kila mtu. Gharama nayo ni ndogo kuliko soda za siku hiyo: dumu la lita 5 la maji yaliyochemshwa usiku uliotangulia, kipande cha sabuni, kanga iliyofuliwa ya kupasua, na plasta chache kutoka duka la dawa. Ndala au viatu vya plastiki miguuni mwa watoto, hata wakiwa majini, vingezuia majeraha mengi yasitokee kabisa.

Hata hivyo haitakuwa haki kuuacha mzigo wote mikononi mwa mama aliyekuja na watoto watatu. Ufukwe una wenyewe: halmashauri, viongozi wa vijiji, vikundi vya BMU vinavyosimamia mialo, na wafanyabiashara wanaouza vinywaji kwa wageni. Anayeuza chupa anaweza pia kuzikusanya. BMU inaweza kutenga sehemu ya kutengenezea mishipi na mitumbwi, mbali na wanakocheza watoto, na kupanga siku ya kuokota vyuma na vioo. Na kila ufukwe unaopokea familia unaweza kuwa na bomba moja la maji yaliyotibiwa, lenye sabuni na maandishi makubwa yanayosomeka. Kagera imekwisha kuonyesha kuwa inaweza. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini tarehe 21 Machi 2023, ndoo za kunawia mikono zilienea kwenye nyumba za ibada, sokoni na stendi, na tarehe 2 Juni mwaka huohuo ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Maji safi na sabuni vilikubalika kuwa haki ya kila mpita njia wakati wa hatari kubwa. Havipaswi kuadimika katika hatari ndogo, ambayo huwapata watoto wengi zaidi na kila msimu. Familia zianze kwa dumu lao, na wakati huohuo zidai bomba hilo kwenye mikutano ya kijiji na kwa madiwani wao, mpaka lipatikane.